Shubiri ya Ndege na Ukucha wa Barabara

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nawajua. Mtu akitaja safari, hamuulizi nani anaumwa kule anakokwenda, wala nani amebaki nyuma akilia. Mnauliza saa. Mnaandika kwenye simu majina ya viwanja viwili vya ndege, kimoja huku kwetu na kingine huko mwisho wa dunia, na simu inawajibu: kilometa hizi, saa hizi. Basi mnafurahi kana kwamba mmekwisha kufika. Mimi niliwahi kuhesabu hivyo hivyo, na sikuwa na simu. Nilihesabu kwa mkono wangu huu wa kulia. Kaeni chini niwaambie hesabu ile ilinifikisha wapi. Kusoma nilisoma chuo cha Kurani tu, na kuandika nilijifunza ukubwani, kwa hiyo atakayeona kosa la herufi alisahihishe kimya kimya.

Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Bulamatari, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji. Tulikaa Kabambare, watu wa msikitini, tukilima mpunga na kuuza kidogo. Kaka yangu mkubwa, ambaye mimi nilimwita yaya, alikuwa mpishi wa mzungu wa pamba. Mzungu huyo kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kutazama kama kila mwanamume amelima kipande chake cha pamba. Asiyelima alifungwa. Kwa hiyo hata yaya hakupendwa sana. Watu walisema mkono unaompikia mtu yule supu hauwezi kuwa safi.

Baba yetu akafa. Siku ya kumi na mbili tangu tumzike, mzungu akapata barua ya kuhamishwa, aende Leopoldville. Akamwambia yaya keshokutwa wanaondoka, na kama hataki atafute kazi kwingine. Arobaini ya baba ilikuwa bado. Yaya ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza, ndiye wa kusimama mlangoni kupokea watu siku ile. Alifunga sanduku lake.

Mama alitoka nje, akasema mbele ya majirani, bila kupandisha sauti:

"Udongo wa baba yako iko mubichi, na wewe unafunga kamba? Nenda. Lakini radhi yangu hauko nayo."

Yaya aliinama. Akainua sanduku. Alikwenda.

Ninyi siku hizi mnasema "nisamehe, mama" na mambo yanakwisha kabla chai haijapoa. Kwetu radhi ya mama ilikuwa kitu kizito. Mtu asiye nayo, shamba lake nguruwe ndio waliolivuna, na watoto wake hawakukaa. Na mama akitaka kuirudisha, hakufanya moyoni tu. Alichukua funda la maji, akampulizia mtoto wake kifuani, akasema watu wakisikia: nimekusamehe, maziwa yangu ni halali kwako. Kama mtoto yuko mbali, ililetwa nguo aliyowahi kuivaa, ikapuliziwa nguo, na mashahidi wawili wakapeleka neno. Ilikubalika hivyo. Nawaambia mapema mjue kwamba ilikubalika.

Miaka saba ilipita. Yaya alituma sukari, alituma sabuni, alituma vitenge vizuri vya Leopoldville. Mama sukari aliwapa watoto wa chuo, na vitenge alinipa mimi. Hakuvaa hata kimoja. Kisha barua zikaanza kuwa fupi. Mke aliyemwoa huko alimwacha. Watoto wawili walikufa, mmoja baada ya mwingine, wa pili hakuwa hata na jina bado. Katika barua ya mwisho aliandika, "Mambo yangu hayasimami. Mama anajua sababu." Nilimsomea mama. Akaniambia nirudie mstari ule. Nikarudia. Akaenda kupepeta mpunga, akapepeta mpaka jua likazama, mpunga uliokwisha kupepetwa jana yake.

Mwaka uliofuata, katikati ya mvua, mama akaanza kuumwa kifua. Alikohoa, akakonda, akashindwa kufika kisimani. Hapo nilikuwa tayari nimeolewa, nina watoto watatu, na nilimchukua akae kwangu. Siku moja aliniambia, "Mwite kaka yako." Maneno matatu. Nilikimbia posta na kanga moja.

Karani wa posta alikuwa kijana wa masomo, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alipenda kuonyesha ujuzi wake. Alituma telegramu. Siku ya nne jibu likaja: yaya amepata ruhusa, mzungu wake amemlipia ndege, Jumatano atashuka uwanja wa Kasongo.

Ndege! Katika Kabambare yote hakuna mtu wetu aliyewahi kupanda ndege. Nilimuuliza karani, "Bwana karani, akishuka Kasongo Jumatano, hapa atafika lini?"

"Mama, unauliza kama mutu wa zamani za misafara. Njoo uone."

Ukutani kwake kulikuwa na ramani ya nchi nzima, imetiwa rangi ya kijani na mito ya buluu. Akanishika mkono, akaweka kidole changu cha mwisho juu ya Leopoldville, akanyoosha kidole gumba mpaka kikafika Kasongo.

"Shubiri yako nzima," akasema. "Kilometa elfu moja na zaidi. Zamani mutu akibeba muzigo toka kule mpaka huku, anakuta watoto wake wamekwisha kuzaa. Ndege inaruka alfajiri, inashuka mahali pawili kunywa mafuta, alasiri iko Kasongo."

"Na toka Kasongo mpaka hapa?"

Alicheka. Akaweka ukucha wa kidole gumba chake kati ya Kasongo na Kabambare. Ulienea kabisa.

"Hii tu. Kilometa hazifiki mia mbili. Kama shubiri nzima ni kazi ya mchana mumoja, ukucha ni nini? Atapanda kamyo ya mupunga, Alhamisi mbele ya adhuhuri utamuona."

Kamyo kwetu ni lori. Nilipima tena mwenyewe. Shubiri, ukucha. Nikapima mara ya tatu, karani akaniambia nitatoboa karatasi ya serikali.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Barabara ile ya Kasongo niliijua. Nilikuwa nimeitembea kwa miguu nikiwa msichana, pamoja na baba, mpunga kichwani, tukalala njiani mara nne. Nilijua matope yake yanashika mguu mpaka wapi. Nilijua Luama inavyojaa mvua ikinyesha milimani. Sikuambiwa na mtu. Lakini nilipoona ukucha ule kwenye karatasi, nikaisahau miguu yangu mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikipima mkono wangu njia nzima. Sokoni nilieleza kila aliyeniuliza na asiyeniuliza. Muuza samaki mmoja akapiga kelele, "Kaka yako anakuja na mabawa? Mwambie asitue kwangu, nyumba yangu ni ya majani!" Wanawake wakacheka. Mwingine akasema, "Mama yake alimwambia nenda, hakumwambia ruka." Nilicheka pia. Nilikuwa na kiburi, siwafichi. Kwa miaka minane watu walimtaja yaya kwa midomo iliyopinda, na sasa angeshuka kutoka mbinguni, aje apige magoti mbele yao wote, na mama ampulizie maji mchana kweupe. Nilitaka waone. Nilisiliba kuta kwa udongo mweupe. Nilimfunga jogoo. Nilitwanga mpunga wa kutosha mtaa mzima.

Jumatano ikafika. Asubuhi ilikuwa ya jua. Adhuhuri mvua ikaanza, si ya radi, ile ya kunyesha taratibu bila kuacha. Alasiri nilikuwa nje chini ya kipaa nikichambua mchele, mama akaniita. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo umeegemea ukuta, macho yake mazima. Kikombe cha maji kilikuwa mkononi.

"Mwite baba yako mudogo," akasema. "Na mutu mwingine wa msikitini. Kisha fungua sanduku, ulete kanzu ya kaka yako. Nataka kusema neno lake."

Kanzu ilikuwa ile aliyoivaa utotoni siku ya kukhitimu chuo. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku, na juu ya sanduku nilikuwa nimepanga vyungu vyote vya karamu. Mikono yangu ilikuwa na vumbi la mchele. Nayasema haya yote kwa sababu nimekwisha kuyatafuta sana, nijue ni kipi kilichonizuia. Havikuwa vyungu.

"Mama, juu ya nini kanzu? Mwenyewe anakuja. Saa hizi amekwisha kushuka Kasongo. Imebaki ukucha tu."

"Ukucha wa nini?"

"Wa ramani, mama. Nimeona kwa macho."

"Mimi ramani siijui. Najua kifua changu."

"Ngoja kesho. Kesho mbele ya adhuhuri iko hapa. Utampulizia yeye mwenyewe, watu wote wakiona. Iko vizuri zaidi kuliko kanzu."

Alinitazama. Alikuwa mwanamke wa kutobishana na mtoto aliyemlisha, kwa sababu alijua ni nani sasa anayeshika kijiko.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyeona."

Akanywa yale maji. Akanirudishia kikombe.

Alhamisi nilipika. Adhuhuri ikapita. Kila sauti ya gari tulitoka nje, na gari lilikuwa moja tu, la misheni, lilitoka upande mwingine. Majirani walikuja, wakakaa, wakala, wakaaga. Muuza samaki aliniuliza kama ndege imekosa njia, na safari hii hakucheka mtu. Alasiri mama alitaka kusema kitu, ulimi ukawa mzito. Nilimwinamia. Nilisikia pumzi tu. Hapo ndipo nilipopiga vyungu teke, nikafungua sanduku, nikaleta kanzu, na mtoto wangu akakimbia kumwita baba mdogo. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu, ndiye aliyekuwa mwalimu wa chuo. Alikuja akilowa. Tukamwekea mama kanzu mapajani, tukamtia maji mdomoni. Maji yakatoka pembeni ya mdomo, yakaingia kwenye mkeka. Baba mdogo alingoja amwone akitikisa hata kichwa. Hakutikisa. Baba mdogo akaikunja kanzu, akanirudishia.

"Hii si neno," akasema. "Siwezi kushuhudia maji yaliyomwagika."

Ijumaa asubuhi mama akafa.

Niliomba tusubiri. Nilimfuata baba mdogo mpaka alipokuwa akipima sanda, nikamwambia yaya yuko njiani, tungoje mpaka alasiri tu, amwone uso.

"Maiti haingoji ndege," akasema.

"Mpaka alasiri, baba mudogo. Amekwisha kushuka tangu juzi."

"Ulituambia Alhamisi. Leo ni Ijumaa. Unataka tuhesabu kwa ukucha wako tena?"

Wanaume waliokuwa pale waliangalia chini. Tulimzika baada ya swala ya Ijumaa. Mvua ilikuwa imeacha, na kaburi lilikuwa na maji chini, wakateka kwa sufuria kabla ya kumshusha.

Yaya alifika Jumamosi, karibu na adhuhuri, kwa miguu. Viatu vyake vya Leopoldville vilikuwa vimefungwa pamoja na kuning'inia shingoni. Suruali ilikuwa matope mpaka kiunoni. Aliona mikeka nje na wanawake wamefunga vichwa, akasimama. Hakuna aliyemwambia. Alijikalia chini pale pale njiani, na wanawake wakaanza kulia upya.

Baadaye, alipokwisha kunawa, alitueleza. Ndege haikuchelewa hata kidogo. Yote aliyoyasema karani yalikuwa kweli. Waliruka Leopoldville alfajiri, wakashuka mahali pawili, na alasiri ya Jumatano magurudumu yakagusa nyasi za Kasongo. Saa ile mama alikuwa ameshika kikombe.

"Huko juu hakuna kitu," alisema. "Miti tu, kama majani ya sombe kwenye chungu. Muto mukubwa ule unaokula watu, kule juu ni kamba tu. Nilitafuta mutu hata mumoja nisimuone. Nikasema moyoni, kumbe nchi ni ndogo, nimekaa mbali na mama bure."

Kamyo la mpunga lilimchukua Kasongo jioni ile ile. Likaenda zaidi ya nusu ya njia, likakuta barabara imefungwa kwa mti. Ninyi hamkuiona sheria ile: mvua ikinyesha, Bulamatari alifunga barabara magari yasiichimbe, mpaka ikauke. Kapita, yaani msimamizi wa barabara, alikaa pale kwenye kibanda na ufunguo.

"Nilimwambia mama yangu anakufa," alisema yaya. "Akaniambia, barabara ni ya Bulamatari, mama ni wako."

Alingoja Alhamisi yote barabara ikauke, ikanyesha tena. Akaliacha kamyo, akatembea. Luama ilikuwa imejaa, na kivuko kilikuwa kimefungwa ng'ambo ya pili, wenye kivuko wamekwenda kulala kwao. Alipiga kelele ukingoni mpaka sauti ikakauka. Ijumaa, saa tuliyokuwa tukiteka maji kaburini, yeye alikuwa amekaa ukingoni akingoja mtu afungue kamba. Alivuka jioni, akatembea mpaka Jumamosi.

Kisha akaniuliza swali ambalo nilijua linakuja tangu nilipoona viatu shingoni mwake.

"Mudogo wangu, mama alisema nini?"

Baba mdogo alikuwepo. Mume wangu alikuwepo. Nilimwambia yote, kanzu, kikombe, ukucha. "Alitaka kusema, yaya. Jumatano. Mimi nilimwambia angoje."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Baba mdogo alijaribu kumtuliza, akamwambia Mungu anajua nia, na nia ya mama yake ilikuwa njema, mashahidi wa nia ni malaika.

"Nia nimesikia, baba mudogo," alijibu. "Lakini mimi sikufuata nia. Nilifuata mudomo wake."

Ruhusa yake ilikuwa na siku zake zimeandikwa na kupigwa mhuri, na njia ilikuwa imezila nyingi. Alikaa siku tatu tu. Ya tatu alinikuta nyuma ya nyumba nikiosha vyungu. Alichuchumaa karibu yangu kama tulipokuwa watoto.

"Sisi wawili tumetoka tumbo moja," akasema. "Niambie tu kwamba alisema. Sema hata kwa sauti ya chini. Mimi nitaamini."

Nilikuwa na majivu mikononi. Nilitaka kusema. Neno lilikuwa jepesi, halina hata uzito wa punje ya mchele. Lakini nilikuwa nimekwisha kumfunga mama mdomo akiwa hai, na sasa nimfungue nitie maneno yangu ndani akiwa chini ya udongo?

"Siwezi, yaya. Hakusema."

Aliinuka. Alichukua ile kanzu ndogo, akaitia kwenye sanduku lake. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Wengine wameniambia nilikuwa na moyo wa jiwe, ningemdanganya akaishi. Labda. Mimi niliona kosa moja limetosha.

Jua lilikuwa limewaka siku mbili, barabara ilikuwa imefunguliwa, na kamyo lilimfikisha Kasongo kwa siku moja, kama karani alivyohesabu. Ndege ikamrudisha Leopoldville. Hakuja tena. Hakuandika kwa mkono wake wala wa mwingine. Baada ya muda msafiri alituletea habari kwamba amekufa huko, peke yake, katika chumba cha kupanga, na majirani walimzika.

Habari ile ilifika asubuhi. Sikulia mbele ya watu. Nilimaliza kumpa msafiri chakula, nikamsindikiza mpaka njiani, nikarudi, nikawaita wote wa nyumbani kwangu waje ndani, mume wangu naye, na watoto, hata yule mdogo aliyekuwa hajui kufunga nguo. Nikawaambia wakae. Walidhani nitawaeleza habari ya mjomba wao.

"Sikilizeni," nikasema. "Siku yoyote, katika nyumba hii, mugonjwa akisema iko na neno, mutu asimwambie angoje. Hata kama yule anayemutafuta iko mulangoni anavua viatu. Muache kazi, mukae chini, na mumwache aseme."